Nani Anasemwa? Viwakilishi vya Kiingereza na Kazi ya Mfasiri

Shahidi asimamapo mahakamani na kusema kwa Kiswahili, "Nilimwona akimpiga," wasikilizaji hupata habari za watu watatu: aliyeona, aliyepiga na aliyepigwa. Hawaambiwi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, wala hawaambiwi hivyo juu ya aliyepigwa. Hata hivyo sentensi hiyo imekamilika, na sarufi ya Kiswahili haidai zaidi. Lakini karani atakiwaye kuiandika kwa Kiingereza hawezi kulifikia neno la tatu kabla hajaamua jambo ambalo shahidi hakulisema. Je, aandike "I saw him hitting her"? Au "I saw her hitting him"? Au "him hitting him", au "her hitting her"? Njia ni nne, na shahidi hakuchagua hata moja. Karani akikisia, atakuwa ameongeza ushahidi ambao haukutolewa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi viwakilishi vya Kiingereza vinavyofanya kazi, na kwa nini vinawatatiza watu waliolelewa katika Kiswahili, hata wale waliosoma Kiingereza kwa miaka mingi. Maoni yetu ni kwamba makosa mengi hayatokani na kutojua orodha ya viwakilishi. Mwanafunzi wa shule anaweza kuikariri orodha hiyo kwa siku moja. Makosa hutokana na kuhamisha mpangilio wa Kiswahili na kuutia ndani ya sentensi ya Kiingereza, kwa kuwa lugha hizi mbili huhifadhi habari ya "nani" mahali tofauti.

1. Istilahi chache

Tunatumia neno kiwakilishi kwa maana ya neno lisimamalo mahali pa nomino iliyokwisha kutajwa au inayojulikana kwa wanaozungumza. Nomino hiyo tunaiita kirejelewa, yaani ile ambayo kiwakilishi kinairejelea. Kiima ni sehemu ya sentensi inayotaja mtenda au kitu kinachosemwa habari zake. Yambwa ni kile kinachopokea tendo. Katika sentensi "Mwalimu amekipata kitabu", mwalimu ni kiima na kitabu ni yambwa.

2. Mahali pa kiwakilishi katika lugha hizi mbili

Kiswahili kina viwakilishi vinavyosimama peke yake, kama vile mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi na wao. Lakini aghalabu hivyo hutumiwa kwa kusisitiza au kulinganisha. Kazi ya kila siku hufanywa na viambishi vilivyomo ndani ya kitenzi. Neno moja "nimekiona" lina mwenye kuona, lina wakati, na lina kitu kilichoonwa. Isitoshe, kiambishi -ki- kinatuambia kwamba kitu hicho ni cha ngeli ya kitabu, kiti au chombo, na wala si cha ngeli ya meza wala ya mti.

Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mzigo huo. Ukiacha kitenzi "be", na ile "s" inayotiwa mwishoni mwa kitenzi katika nafsi ya tatu umoja wakati uliopo, kitenzi hakisemi ni nani atendaye. Kwa hiyo kiwakilishi hakina budi kusimama wazi kama neno: "I have seen it." Na maneno yenyewe ni machache. Vitu vyote ambavyo Kiswahili huvigawa katika ngeli nyingi, Kiingereza huvirejelea kwa "it" vikiwa umoja, na kwa "they" vikiwa wingi.

Kwa upande mwingine, Kiingereza hudai mambo mawili ambayo Kiswahili hakiyadai. Kwanza, katika nafsi ya tatu umoja kinataka kujua jinsia ya mtu: "he" au "she". Pili, viwakilishi vingi hubadilika sura kufuatana na kazi yake katika sentensi: "I" huwa "me", "he" huwa "him", "she" huwa "her", "we" huwa "us", "they" huwa "them". Ni "you" na "it" tu ambazo hazibadiliki. Karibu makosa yote tutakayoyataja yanatoka katika tofauti hizi.

3. Makosa yatokanayo na viambishi vya kitenzi

Kosa la kwanza ni la kurudia kiima. Kwa Kiswahili twasema "Kaka yangu anakuja", na kiambishi a- ni lazima kiwepo ijapokuwa kaka amekwisha kutajwa. Mwenye mazoea hayo huandika "My brother he is coming". Kwa Kiingereza sanifu "he" hiyo ni ya ziada, kwa kuwa husimama mahali pa "my brother" na haisimami pamoja naye.

Kosa la pili ni la kurudia yambwa katika kishazi cha urejeshi. Twasema "ripoti mliyotuletea", lakini pia twasema "barua niliyoiandika", ambamo -yo- na -i- zote mbili zinairejelea barua. Kwa mfano huo baadhi yetu huandika "The letter which I wrote it". Katika Kiingereza neno "which" limekwisha kuifanya kazi ya yambwa, na "it" haina kazi iliyobaki. Iandikwe "The letter which I wrote", na kadhalika "The report which you sent us", si "which you sent it to us". Kosa hili huonekana mara kwa mara katika barua za ofisini, na dawa yake ni kuitazama kila sentensi yenye "which", "that" au "whom" na kuuliza kama yambwa imetajwa mara mbili.

Kosa la tatu ni kinyume cha hayo, yaani kuacha kiwakilishi pale ambapo Kiingereza hakiwezi kukikosa. Twasema "Ni vigumu kupata jibu", na mwandishi akaandika "Is difficult to get an answer". Sentensi kamili ya Kiingereza yenye kuarifu haina budi kuwa na kiima, hata kama hakuna kinachorejelewa: "It is difficult to get an answer", "It is raining." Wanafunzi huuliza "it" hiyo ni kitu gani, na walimu hupata taabu kuwajibu. Yafaa tuwaonyeshe kwamba na Kiswahili kina kiambishi cha namna hiyo. Tusemapo "imebidi", "inafaa" au "inaonekana", i- hiyo nayo mara nyingi haielekei nomino yoyote. Mwanafunzi akikumbushwa hilo hataiona "it" kuwa kitu kigeni, wala mfasiri hataitafutia neno "hiyo" katika tafsiri yake.

4. Kiima na yambwa: "I" na "me"

Kiwakilishi mimi hakibadiliki popote kilipo. Twasema "Mimi na mwenzangu tulikwenda", na pia "Mkurugenzi alitualika mimi na mwenzangu". Kwa Kiingereza sentensi ya kwanza inataka "I" na ya pili inataka "me": "My colleague and I went", lakini "The Director invited my colleague and me".

Twaona kwamba watu wengi waliosoma huikosea ya pili, wakiandika "invited my colleague and I". Sababu yake si ngumu kuelewa. Shuleni walikatazwa kusema "Me and my friend went", na katazo hilo likawafanya waiogope "me" kila mahali. Njia nyepesi ya kujisahihisha ni kumwondoa mwenzako katika sentensi kwa muda. Hakuna awezaye kuandika "The Director invited I". Basi na mwenzake akirudishwa mahali pake, "me" ibaki ileile. Kanuni hii yahusu pia maneno yafuatayo kihusishi: "between you and me", "for her and us". Na "whom" ni sura ya yambwa ya "who". Katika maandishi rasmi hutumika hasa baada ya kihusishi, kama vile "to whom".

Wengine huikwepa "I" na "me" zote mbili kwa kuandika "myself", wakidhani kwamba ndiyo adabu: "Please reply to myself." Hapa Kiswahili chetu chaweza kutusaidia. "Myself", "himself", "themselves" na nduguze huwa na kazi mbili tu. Ya kwanza ni ya kiambishi -ji-, pale mtenda na mtendwa wawapo mmoja: "Alijikata", "She cut herself". Ya pili ni ya kusisitiza, kama tusemavyo "mimi mwenyewe". Iwapo huwezi kutia -ji- wala "mwenyewe" katika sentensi ya Kiswahili, basi usiitie "myself" katika ile ya Kiingereza.

Tofauti baina ya -ji- na kauli ya kutendana nayo ilindwe. "Walijilaumu" ni "They blamed themselves". "Walilaumiana" ni "They blamed each other". Katibu wa kikao aandikaye kwamba "the members blamed themselves", hali wajumbe walilaumiana, amegeuza ugomvi kuwa ungamo.

5. Jinsia, na mwenye kumiliki

Kosa la kuchanganya "he" na "she" hudhaniwa kuwa ni uzembe. Kwa kweli lina chanzo chake, kwani yeye na a- hazina jinsia, na ulimi uliozoea kutochagua husahau kuchagua. Lakini kuna kosa jingine la karibu na hilo ambalo halielezwi vya kutosha darasani, nalo ni la "his" na "her".

Katika Kiswahili kimilikishi huchukua kiambishi cha kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, nyumba yake, watoto wake. Macho ya akili yetu hutazama kinachomilikiwa. Kwa hiyo mwanafunzi aandikapo "Asha and his husband", huwa ameitazama nomino "husband", akaona kwamba ni mwanamume, akachagua "his". Ameufuata mpangilio wa Kiswahili kwa uaminifu. Kiingereza hutazama upande wa pili, yaani mwenye kumiliki: Asha ni mwanamke, basi "her husband", na hata "her sons". Mwalimu akimwambia mwanafunzi wake "mtazame mwenyewe, usikitazame chake", atakuwa amemwondolea matatizo mengi kwa maneno machache.

Jambo hili linahusu wanyama pia. Kiswahili huwapa wanyama upatanisho wa watu: ng'ombe amekufa, mbwa wameondoka. Ripoti ya mifugo ikifasiriwa kwa Kiingereza, ng'ombe huyo kwa kawaida ni "it", isipokuwa jinsia yake inajulikana na ina maana katika habari yenyewe, mathalani pale asemwapo ng'ombe wa maziwa. Na mfasiri wa kwenda Kiswahili asidanganywe na "it" hiyo akaandika "ng'ombe imekufa".

6. Hesabu ya watu

Tuitazame sentensi hii ya ripoti ya safari: "Tulisafiri na mkaguzi." Kwa Kiswahili sentensi hii yaweza kuwa na maana mbili. Yaweza kumaanisha mimi na mkaguzi, jumla watu wawili. Yaweza pia kumaanisha sisi, tuliokuwa wengi tangu hapo, pamoja na mkaguzi. Mfasiri akiandika "We travelled with the auditor", Kiingereza kitaeleweka kwa maana ya pili tu: "we" ni watu wawili au zaidi, na mkaguzi ni wa kuongezwa juu yao. Waliosafiri wawili sasa wamekuwa watatu. Ikiwa ripoti hiyo inaambatana na hesabu ya posho ya safari, mhasibu atakuwa na haki ya kuuliza yuko wapi huyo wa tatu. Kama waliosafiri ni wawili, iandikwe "The auditor and I travelled".

Neno "you" nalo linaficha hesabu. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" na "thee" kwa mtu mmoja, na "ye" na "you" kwa wengi, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado inazihifadhi tofauti hizo. Katika Kiingereza sanifu cha leo "you" ni moja kwa wote. Kiswahili hakikubali kufichwa huko, kwani ni lazima mfasiri achague wewe au ninyi. Twashauri kwamba katika fomu inayojazwa na mtu mmoja mmoja itumike nafsi ya pili umoja, na katika waraka unaopelekwa kwa watumishi wote itumike ya wingi, na chaguo hilo lisibadilishwe katikati ya waraka.

7. "He" katika sheria

Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kufasiri sheria zilizotungwa kwa Kiingereza imekuwa jukumu kubwa la wafasiri wetu. Humo watakutana na "he" kila ukurasa.

Waandishi wa sheria wa Uingereza walikuwa na desturi ya kutumia "he" kwa mtu yeyote. Mwaka 1850 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyosema kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, isipokuwa pale ambapo imeelezwa vingine waziwazi. Hata hivyo kinga hiyo haikutosha. Mwaka 1868, katika kesi ya Chorlton na Lings, mahakama iliamua kwamba sheria ya uchaguzi ya mwaka 1867, iliyotumia neno "man", haikuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Hivyo neno lililodaiwa kuwahusu wote lilitafsiriwa kuwa la wanaume peke yao pale haki ilipodaiwa. Tangu mwaka 2007 ni desturi ya serikali ya Uingereza kuandika miswada yake kwa lugha isiyobagua jinsia.

Kwa mfasiri wa kwenda Kiswahili, "he" ya namna hiyo haina shida, kwani a- inatosha na inawahusu wote. Shida iko pale Kiingereza kinaposema "she" kwa makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatenganisha likizo ya uzazi ya mama na ile ya baba. Kifungu kinachomhusu mwajiriwa wa kike kikifasiriwa kwa a- tupu bila kumtaja kuwa ni mwanamke, mpaka uliowekwa na sheria utakuwa umefutwa na kiambishi kimoja. Hapo mfasiri hana budi kuandika "mwajiriwa wa kike", ijapokuwa neno "female" halimo katika sentensi anayoifasiri.

Kwa mfasiri wa kwenda Kiingereza, shida ni ya kuchagua. "Kila mwombaji alete cheti chake" yaweza kuandikwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuitia sentensi yote katika wingi: "Applicants must bring their certificates." Ya pili ni "his or her", ambayo ni sahihi lakini huchosha ikirudiwa. Ya tatu ni "their" kwa mtu mmoja asiyejulikana: "Every applicant must bring their certificate." Njia hii ya mwisho wengine huidhania kuwa uzushi wa siku hizi, lakini mifano yake katika Kiingereza imeonekana tangu karne ya 14. Katika maandishi ya serikali sisi twaipendelea ya kwanza, kwa kuwa haimkwazi msomaji yeyote.

8. Kirejelewa kisichojulikana

Ngeli zetu hutuepusha na utata mwingi pasipo sisi kujua. "Mwalimu alikiweka kitabu juu ya meza, kisha akaifuta." Kila mtu anaelewa kwamba kilichofutwa ni meza, kwa sababu ya -i-. Tukifasiri "The teacher put the book on the table and wiped it", "it" hiyo yaweza kuwa kitabu au meza. Mfasiri hana budi kuirudia nomino: "and wiped the table".

Kwa watu, ngeli haitusaidii. "Mkurugenzi alimwambia Mhasibu kwamba ndiye mwenye kosa." Ni nani mwenye kosa? Na kwa Kiingereza, "The Director told the Accountant that he was to blame" ina utata uleule ikiwa wote wawili ni wanaume. Ikiwa mmoja wao ni mwanamke, Kiingereza kitatenganisha, na Kiswahili kitafuta tofauti hiyo wakati wa kufasiri. Kwa hiyo, katika mambo ya fedha, ya lawama na ya haki, cheo au jina lirudiwe. Wapo watakaosema kwamba kurudia jina kunaharibu uzuri wa sentensi. Sentensi nzuri inayomtia hatiani asiye na kosa haina faida kwa ofisi yoyote.

9. Ushauri

Kwa walimu, tunapendekeza kwamba jedwali la viwakilishi lisiwe mwanzo wa somo. Mwalimu aanze na kitenzi cha Kiswahili, kama vile "tulimwandikia", akichambue ubaoni, na kila kiambishi akiulizie: huyu ni nani, ni wangapi, anatenda au anatendewa? Kisha ndipo aonyeshe maneno ambayo Kiingereza hutumia mahali pa viambishi hivyo, na ambayo kinadai ziada. Jedwali lifuate baadaye kama kumbukumbu.

Kwa wafasiri na watumishi wa serikali, kabla ya kuandika kiwakilishi chochote cha Kiingereza, kuna maswali matatu ya kujiuliza. Kirejelewa chake ni kipi, na je, msomaji atakijua bila kukisia? Ni wangapi, na kama ni mtu mmoja, jinsia yake inajulikana? Katika sentensi hii ni kiima au yambwa? Jibu likikosekana katika maandishi asilia, mwenye habari aulizwe. Asipopatikana, nomino irudiwe, au sentensi iandikwe upya ili isilazimu kuchagua. Kwa mfano, ushahidi tulioutaja mwanzoni waweza kuandikwa "I saw the one person hitting the other" mpaka shahidi atakapoulizwa. Sentensi hiyo haina uzuri wa kusifiwa, lakini haisemi zaidi ya alivyosema shahidi.